Kutazama Royal Ascot ukiwa Tanga: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila Juni, wakati wa mbio za farasi za Royal Ascot huko Uingereza, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Kaka, nimefungua nakuta farasi wanarudishwa bandani." Mwingine wa Makorora alilipia kifurushi cha mwezi mzima, akakaa na rimoti mkononi, chaneli aliyoambiwa ikawa inaonyesha gofu. Shangazi mmoja wa Chumbageni alitazama jioni nzima mbio "mubashara" za mtandaoni, kumbe zilikuwa za mwaka uliopita. Wote walikuwa na nia, simu nzuri na bando.

Mpira ukichelewa dakika kumi, bado una themanini. Mbio za farasi ukichelewa dakika mbili, huna kitu. Mbio fupi za Ascot, za mita 1,000, huisha ndani ya dakika moja hivi. Hata zile ndefu za Gold Cup, za kilomita 4, hazifiki dakika tano. Kwa hiyo kazi yote ya mtazamaji hufanyika kabla mageti hayajafunguliwa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu siku za kabla ya mbio.

Nimechagua Royal Ascot kwa sababu saa zake zinatufaa watu wa pwani: mbio huanza baada ya Alasiri na kumalizika baada ya Isha. Ni siku tano, Jumanne hadi Jumamosi, katikati ya Juni. Kila siku ina mbio saba, jumla 35. Hakuna kuruka viunzi. Farasi wanakwenda shoti kwenye nyasi, na rangi za wapandaji zinaonekana vizuri hata kwenye skrini ndogo.

## Vitu vya kuandaa

- Skrini moja: televisheni, kompyuta au simu. Kwa watu zaidi ya watatu, simu haifai.
- Chanzo cha picha: king'amuzi chenye kifurushi sahihi, au bando la intaneti.
- Chanzo cha pili cha akiba, hata kama ni simu ya jirani yenye mtandao mwingine.
- Betri ya akiba iliyojaa.
- Kadi ya mbio ya siku hiyo, yaani orodha ya farasi wa kila mbio. Inapatikana bure mtandaoni, kwenye tovuti ya Ascot yenyewe, ya Racing Post, au ya At The Races.
- Daftari na kalamu za rangi. Usizidharau kalamu za rangi, nitaeleza.
- Saa ya ukutani inayokwenda sawa.

Pesa ya kubeti haimo kwenye orodha hii. Watu wengi wamezoea kwamba farasi na kamari ni kitu kimoja, na ndiyo maana wengine majumbani kwetu hawataki hata kusikia. Mimi nimetazama miaka yote hii bila kuweka hata shilingi, na raha haijapungua. Usikubali kushawishiwa kufungua akaunti ya kubeti eti ndiyo njia ya kuona picha.

## Hatua ya 1: Chagua siku moja

Anayeanza akitaka kuona mbio zote 35 huchoka Jumatano na kuacha. Chagua siku moja, na ndani ya siku hiyo chagua mbio tatu.

Ukiniuliza mimi, chukua Alhamisi. Ndiyo siku ya Gold Cup, na mbio zake ni ndefu kiasi kwamba hata mgeni anapata nafasi ya kumtafuta farasi wake, kumpoteza, na kumpata tena. Wapandaji hupita mbele ya majukwaa, wakazunguka uwanja mzima, wakarudi. Farasi Yeats alishinda kombe hilo mara nne mfululizo, kuanzia 2006 hadi 2009. Wanaopenda kasi tupu waende Jumanne, kuna King Charles III Stakes ya mita 1,000, au Jumamosi, kuna Queen Elizabeth II Jubilee Stakes ya mita 1,200.

Tahadhari: usianze na Royal Hunt Cup ya Jumatano wala Wokingham ya Jumamosi. Hizo huweza kuwa na farasi hadi 30 kwa pamoja. Utaona msitu wa kofia, basi.

Umefanikiwa ukiwa na siku moja na majina ya mbio tatu kwenye daftari.

## Hatua ya 2: Geuza saa, tena kwa kuandika

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Ratiba ya Ascot huandikwa kwa saa za Uingereza, na Juni wenzetu wako kwenye saa za kiangazi. Tofauti yetu nao wakati huo ni saa 2. Wengi tumekariri saa 3, ambayo ni tofauti ya miezi ya baridi. Mwaka mmoja nilitumia hiyo ya saa 3. Wageni sita walikuwa wamekaa ukumbini, sinia la muhogo katikati, na tulipowasha Gold Cup ilikuwa imeshaisha, na mbio zilizoifuata nazo zimeisha. Mzee mmoja alikuwa ametoka Pongwe kwa ajili ya mbio zile tu. Tangu siku hiyo naandika.

Halafu kuna tatizo letu wenyewe: wao wanahesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi kuanzia alfajiri. Ukifanya hesabu mbili kichwani unachanganyikiwa. Kwa hiyo tumia hesabu moja tu: chukua saa iliyoandikwa kwenye ratiba ya Ascot, ongeza 8. Ikizidi 12, toa 12. Jibu ni saa ya Kiswahili.

Kwa ratiba ya miaka ya karibuni, siku inakuwa hivi:

- Mbio ya kwanza, 2:30 ya kwao: saa 10:30 alasiri
- Ya pili, 3:05: saa 11:05 jioni
- Ya tatu, 3:40: saa 11:40 jioni
- Ya nne, 4:20: saa 12:20 jioni
- Ya tano, 5:00: saa 1:00 usiku
- Ya sita, 5:35: saa 1:35 usiku
- Ya saba, 6:10: saa 2:10 usiku

Nusu saa kabla ya mbio ya kwanza, yaani saa 10:00 kamili alasiri kwetu, huwa kuna msafara wa kifalme. Magari ya kukokotwa na farasi huingia kwa mwendo wa matiti kupitia uwanja ulionyooka. Anayependa mavazi na kofia asikose. Anayetaka mbio tu anaweza kumalizia shughuli zake.

Angalia ratiba ya mwaka husika, maana dakika tano au kumi huweza kusogezwa.

Tahadhari kubwa: baadhi ya tovuti na programu za simu hugeuza saa zenyewe kulingana na mahali ulipo. Ukiona mbio ya kwanza imeandikwa 16:30, imeshageuzwa kuwa saa ya Tanzania. Hapo usiongeze 8, toa 12 upate nne na nusu, kisha ongeza 6 kama ulivyozoea: saa kumi na nusu. Ukiona 14:30 au 2:30, hiyo ni ya Uingereza.

Kwa sikukuu nyingine za farasi, hesabu ni ileile kwa namba tofauti. Cheltenham ya Machi, Uingereza ikiwa bado kwenye saa za baridi, ongeza 9. Durban July ya Afrika Kusini, Jumamosi ya kwanza ya Julai, ongeza 7. Dubai World Cup, ongeza 5. Melbourne Cup ya Australia, Jumanne ya kwanza ya Novemba, toa 2: mbio za saa 3:00 mchana wa kule ni saa 1:00 asubuhi hapa, wakati watoto wanakwenda shule.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi ukutani yenye saa za Kiswahili peke yake. Usiandike za Uingereza pembeni, zitakuchanganya.

## Hatua ya 3: Tafuta chanzo na ukijaribu

Kule Uingereza, mbio hizi huonyeshwa na ITV bila malipo, na Sky Sports Racing kwa kulipia. Hiyo haina maana kwamba nawe utazifungua. Huduma ya mtandaoni ya ITV imefungwa kwa walio nje ya Uingereza, na ukijaribu kutoka Tanga utapata ujumbe wa kukukatalia. Watu wengi hupoteza saa nzima hapo wakidhani simu ni mbovu.

Kwa king'amuzi, haki za kuonyesha huku kwetu hubadilika, kwa hiyo jibu la mwaka jana si jibu la mwaka huu. Piga simu huduma kwa wateja wiki moja kabla, na uulize maswali haya matatu kwa mpangilio huu:

1. Je, mtaonyesha Royal Ascot mubashara, au muhtasari tu?
2. Ni chaneli namba ngapi, na siku zipi?
3. Chaneli hiyo imo kwenye kifurushi changu, au nipandishe?

Swali la kwanza ndilo wengi hawaulizi. Kuna chaneli huonyesha muhtasari usiku wa manane, na mtu wa huduma akijibu "ndiyo, tunaonyesha," hajakudanganya. Baada ya simu, fungua mwongozo wa vipindi kwenye king'amuzi chako, nenda mpaka siku ile, utafute neno "Live" kando ya jina la mbio. Lipia siku moja kabla, ukishaliona kwa macho yako.

Kwa intaneti, anza na kurasa rasmi: tovuti ya Ascot na akaunti zake za mitandao ya kijamii. Hata pale ambapo hakuna picha ya mubashara kwa nchi yetu, huko ndiko vipande vya mbio na matokeo hutoka mapema na bila ulaghai.

Tahadhari tatu, na zote nimeona watu wakiumia nazo.

Kwanza, kurasa zinazojiita "Royal Ascot Live" huwa nyingi sana wiki ile. Nyingine hurusha mbio za zamani. Njia ya kuzitambua: linganisha majina ya farasi na kadi yako ya leo. Jina moja tu lisipokuwemo, funga.

Pili, usiweke namba ya kadi ya benki wala ya simu yenye pesa kwenye ukurasa uliotumiwa kupitia kundi la WhatsApp. Ukurasa wa kweli wa bure hauhitaji kadi "kwa uthibitisho".

Tatu, VPN, yaani programu inayoficha mahali ulipo mtandaoni. Najua vijana wataniuliza. Mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitangaza kwamba mtumiaji wa VPN anatakiwa kuisajili, na zaidi ya hapo, kuingia kwenye huduma iliyofungwa kwa nchi nyingine ni kuvunja masharti ya huduma yenyewe. Sikushauri. Afadhali marudio halali ya dakika tatu kuliko jioni nzima ya wasiwasi.

Umefanikiwa ikiwa siku mbili kabla umeshafungua chanzo chako kwenye skrini ileile utakayotumia, ukaona picha na ukasikia sauti kwa dakika kumi mfululizo.

## Hatua ya 4: Bando na umeme

Picha ya ubora wa kati, 480p, hula takriban MB 600 hadi 700 kwa saa. Ukiiacha wazi kuanzia saa kumi hadi saa mbili na robo, unakaribia GB 3. Lakini si lazima. Fungua dakika kumi kabla ya kila mbio, funga dakika tano baada ya farasi kumaliza. Mbio saba kwa robo saa kila moja ni dakika 105, yaani GB 1 na ushei. Ukichagua mbio tatu tu, nusu GB inatosha.

Weka ubora mwenyewe, usiuache ujichagulie. Ukiuacha, saa ya mbio yenyewe hupanda juu, bando likaisha mita 400 kabla ya nguzo ya kumalizia. Zima pia masasisho ya programu nyingine.

Jaza betri ya akiba asubuhi. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, simu yenye chaji na bando itakuvusha mbio nne zilizobaki.

## Hatua ya 5: Soma kadi ya mbio

Hapa ndipo utamu unapoanzia, na ndipo ninapowaomba watu wasiruke. Anayetazama bila kadi huona farasi wakikimbia. Anayetazama na kadi anajua kwamba yule wa nyuma kabisa hajawahi kukimbia mbali hivi, na yule wa mbele hukata pumzi kila anapopanda kilima.

Kwa mbio za uwanja tambarare Uingereza, orodha ya mwisho ya farasi hutoka saa 48 kabla. Kadi ya Alhamisi inapatikana kuanzia Jumanne. Usichapishe kadi ya wiki iliyotangulia, wengine watakuwa wamejitoa.

Tuseme mstari mmoja umeandikwa hivi: 7 (12) 31-204, 4, 9-2. Usiogope.

Namba 7 ni ya kitambaa kilicho chini ya tandiko. Hii ndiyo utakayoiona kwenye skrini.

Namba 12 kwenye mabano ni ya geti la kuanzia. Haionekani tena mbio zikishaanza. Wengi humtafuta "namba kumi na mbili" uwanjani na kumfuata farasi wa mtu mwingine.

31-204 ni matokeo yake ya nyuma. Soma ya kulia kwanza, ndiyo ya karibuni: mbio iliyopita alikuwa wa nne. Kabla ya hapo kuna sifuri, yaani alimaliza nafasi ya kumi au nyuma zaidi. Kabla yake alikuwa wa pili. Kistari kinatenganisha msimu huu na uliopita, ambapo alikuwa wa tatu kisha akashinda.

4 ni umri wake kwa miaka. Mbio nyingine ni za umri maalumu: Coventry Stakes ni ya farasi wa miaka miwili tu, Commonwealth Cup ya miaka mitatu, na Gold Cup huanzia miaka minne.

9-2 ni uzito anaobeba, mpandaji na tandiko pamoja, kwa vipimo vyao vya kale. Namba ya kwanza zidisha kwa 6.35, ya pili kwa 0.45, ujumlishe. Hapa ni kilo 58. Kwenye mbio za kusawazisha uzani, farasi mwenye sifa kubwa hubebeshwa zaidi ili wenzake nao wapate nafasi.

Juu ya kadi utaona umbali kwa maili na "furlong". Maili moja ina furlong 8, na furlong moja ni mita 201. Gold Cup ni maili 2 na furlong 4.

Utaona pia hali ya uwanja. "Firm" ni mkavu na mgumu, "Good" ni wa wastani, "Soft" umelainika kwa mvua, "Heavy" ni tope. Sisi tuliozoea kutazama mpira Mkwakwani baada ya mvua tunaelewa bila kufundishwa: kuna mchezaji wa uwanja mkavu na kuna wa tope. Farasi nao ni hivyo hivyo. Hali ikibadilika asubuhi ya mbio, farasi uliyemchagua Jumanne anaweza kuondolewa na mwenyewe. Kwa hiyo kagua kadi tena mchana wa siku yenyewe.

Chagua farasi watatu kwa kila mbio, si mmoja. Mmoja kwa matokeo yake, mmoja kwa umbali aliouzoea, mmoja kwa sababu umempenda tu. Huyo wa tatu ndiye atakayekufanya usimame kitini.

## Hatua ya 6: Paka rangi

Kila mmiliki ana rangi zake za mavazi ya mpandaji, na kadi ya mtandaoni huzionyesha kwa picha ndogo. Chukua kalamu zako, chora kila mmoja kwenye daftari: fulana, mikono, kofia. Dakika tano tu.

Kwa nini usiangalie namba? Kwa sababu kamera ikiwa mbele ya kundi, namba hazionekani. Rangi zinaonekana.

Chache utakutana nazo mara nyingi: buluu tupu mwili mzima ni ya Godolphin, kundi la Sheikh Mohammed wa Dubai. Kijani yenye mshipi wa waridi, mikono myeupe na kofia ya waridi ni ya Juddmonte. Zambarau yenye nakshi za dhahabu, mikono myekundu na kofia nyeusi ni ya Mfalme Charles mwenyewe.

Mmiliki akiwa na farasi wawili kwenye mbio moja, fulana hufanana na kofia ndiyo hutofautiana. Kwa hiyo chora kofia kwanza.

Umefanikiwa ukiweza kufunika majina na kuwataja farasi wako watatu kwa rangi tu. Mjukuu wa jirani yangu, mwenye miaka saba, huwa ananishinda katika hili.

## Hatua ya 7: Panga jioni

Fanya mazoezi kidogo kabla. Tafuta marudio ya mbio mbili za Juni 2012. Kwanza Queen Anne Stakes, Frankel alipowaacha wenzake kwa urefu wa farasi 11. Hiyo inakuonyesha mbio nyepesi kufuata. Kisha, siku nne baadaye, Diamond Jubilee ya Black Caviar kutoka Australia, ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Mpandaji wake alilegeza hatamu kabla ya nguzo, na farasi akashinda kwa tofauti isiyofika hata shingo. Ukiitazama hiyo hutageuza macho kabla ya nguzo maisha yako yote.

Sasa suala la sala. Mbio ya nne, ambayo siku ya Alhamisi ndiyo Gold Cup, inaangukia saa 12:20 jioni, na Tanga mwezi Juni jua linazama karibu na dakika hizohizo. Kwetu Ngamiani adhana na mbio hukutana. Ushauri wangu ni mmoja: nenda kasali, zima data kabla ya kutoka, na ukirudi tazama marudio kabla hujafungua ujumbe wowote. Mbio usizozijua matokeo ni mbio mubashara kwako. Tumefanya hivyo miaka mitatu sasa, tunarudi msikitini pamoja, kahawa na kashata zinatusubiri, na hakuna anayeruhusiwa kugusa simu.

Mkikusanyika nyumbani, vizuri. Ukitaka kuonyesha kwenye kibanda umiza kwa kiingilio, jua kwamba kifurushi cha nyumbani hakikupi ruhusa hiyo. Muulize mwenye king'amuzi kuhusu kifurushi cha biashara.

Zima arifa za matokeo. Picha ya intaneti huchelewa nusu dakika au zaidi, na arifa itakupa mshindi wakati farasi wako bado anaongoza kwenye skrini.

## Hatua ya 8: Dakika zenyewe

Dakika kumi kabla, farasi huzungushwa taratibu mbele ya watu. Tazama mwili. Anayetembea kwa utulivu, masikio mbele, ndiye unayemtaka. Anayetoka jasho jeupe shingoni na kurusha kichwa anapoteza nguvu zake hapo hapo.

Mageti yakifunguliwa, usimtazame anayeongoza. Tafuta rangi zako tatu ndani ya sekunde kumi za kwanza na ujue kila mmoja yuko wapi: mbele, katikati, nyuma. Kwenye mbio za uwanja ulionyooka, farasi wengi hugawanyika makundi mawili, moja upande wa majukwaa, jingine upande wa mbali. Kamera hupenda kundi moja. Usikate tamaa ukimkosa wako, huenda yuko kule kwingine, na aliyeko kule anaweza kuwa mbele ya wote.

Kwenye mbio za kuzunguka, Ascot hupinda kulia. Baada ya sehemu ya bondeni inayoitwa Swinley Bottom, uwanja unapanda karibu mpaka mwisho, na kipande cha mwisho kilichonyooka ni kifupi, kama mita 500 tu. Ndiyo maana aliye nyuma sana kwenye kona ya mwisho ana kazi kubwa.

Sasa siri niliyofundishwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mabanda ya farasi huko Uarabuni: tazama mikono ya mpandaji. Mikono ikitulia wakati wenzake wanasukuma na kuchapa, farasi huyo bado ana pumzi ndani. Ukiona mpandaji amekaa kimya zikiwa zimebaki mita 400, nyoosha kidole useme, "Huyo." Mara nyingi utakuwa sahihi, na ukumbi mzima utakugeukia.

Baki na nguzo ya mwisho machoni. Usishangilie kabla.

## Hatua ya 9: Subiri matokeo rasmi

Farasi wakikaribiana, huitwa picha ya nguzoni, na jibu hukawia dakika kadhaa. Waamuzi nao wanaweza kuchunguza kama mmoja alimziba mwenzake, na mshindi kushushwa nafasi. Pia wapandaji hupimwa uzito tena baada ya mbio. Mpaka lisikike tangazo kwamba wamepimwa, "weighed in", usimtumie mtu ujumbe wa mshindi.

Halafu tazama marudio mara moja zaidi, safari hii ukimfuata yule wako aliyeshindwa. Angalia alipoanza kupungua: kwenye kona, kwenye kilima, au alizibwa njia. Andika sentensi moja kando ya mchoro wake, pamoja na umbali na hali ya uwanja. Baadhi ya farasi hao hurudi Ascot mwishoni mwa Julai kwa mbio za King George, na daftari lako litakuwa tayari limeanza.